Chuma cha Nje au cha Ndani kwa Ugoko Uliovunjika?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda hapa Mwanza, aligongwa na gari Buhongwa, ugoko ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Hospitalini walimsafisha kidonda na kumfunga vyuma vya nje. Jirani yetu aliyeumia vivyo hivyo aliwekewa chuma ndani ya mfupa na sasa anatembea. Je, mdogo wangu alipewa tiba duni kwa kuwa hatuna fedha? Baba mdogo anataka vyuma vitolewe, apelekwe Sengerema kwa mzee anayeunga mifupa.
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Swali lako la kwanza limejibiwa na utafiti uliofanyika nchini mwetu, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambako wagonjwa 240 waliovunjika ugoko pamoja na kidonda waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata chuma cha ndani na wengine vyuma vya nje, kisha wakafuatiliwa kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya makundi hayo mawili katika vifo na katika kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya maambukizi ya ndani, mfupa kutounga au kuunga ukiwa umepinda. Ni kweli kwamba wenye chuma cha ndani walijisikia vizuri zaidi miezi ya mwanzo na mifupa yao ilinyooka zaidi, na pengine hicho ndicho mnachokiona kwa jirani. Hata hivyo, vyuma vya nje si tiba ya maskini. Daktari anaweza kuvichagua hasa pale nyama zilipochanika sana au kidonda kilipoingia uchafu mwingi.

Kinachonitia hofu ni shauri la baba mdogo. Namheshimu, na najua wapo waliounga kwa wazee hao, lakini mfupa uliotoboa ngozi ni jambo jingine kabisa. Vyuma vikitolewa kabla mfupa haujashika, ncha zake zitaanza kuchezacheza na kidonda kilichokuwa kinapona kitachokonolewa upya. Na vijiti vikifungwa kwa kubana, mguu ukivimba damu haitapita, nyama zitakufa, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Mwombeni aende naye kliniki aone picha ya eksirei na kumuuliza daktari yeye mwenyewe.

Msimwagie sabuni wala dawa za majani kwenye kidonda. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa 2015, uliochambua wagonjwa 2,447, ulionyesha kwamba mivunjiko yenye kidonda iliyooshwa kwa maji ya chumvi yenye sabuni wakati wa upasuaji ilirudiwa kupasuliwa mara nyingi zaidi kuliko iliyooshwa kwa maji ya chumvi pekee. Pale vyuma vinapoingilia ngozi, safisheni kama muuguzi alivyowaelekeza. Akiwa mvutaji wa sigara, aache, kwa sababu moshi huchelewesha mfupa kuunga. Kukanyagia mguu kufuate ruhusa ya kliniki, na msishangae uponyaji ukichukua miezi mingi.

Akipata homa, usaha, maumivu yanayozidi, vyuma kulegea, au mguu kuwa wa baridi na wenye ganzi, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Akivimba shavu la mguu na kukosa pumzi, msisubiri hata kupambazuke.