Beringi Inacheza, Venia Inasema Sawa

SWALI: Shikamoo fundi. Nakereza shafti ya mashine ya kumenya kahawa. Venia kalipa (kifaa cha kupimia unene) inasoma milimita 17.0, lakini beringi ya namba 6203 inacheza juu yake. Nakosea wapi? – Mwanagenzi, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tundu la 6203 ni milimita 17, kwa hiyo wasiwasi wangu ni kifaa. Futa taya za venia, zifunge, zitazame kwenye mwanga. Je, sifuri mbili, ya kipimo kikubwa na ya kipimo kidogo kinachoteleza, zinalingana? Niliwahi kuharibu shafti nzima kwa chembe moja ya chuma iliyonasa kwenye taya. Kama ikiwa imefungwa inasoma 0.1, toa hiyo: shafti yako ni 16.9, umeikereza kupita kiasi.

Kusoma ni hivi: sifuri ya kipimo kidogo imepita milimita ngapi kwenye kipimo kikubwa? Tuseme 16. Tafuta mstari mdogo uliolingana kabisa na mmoja wa kipimo kikubwa. Ukiwa wa 9, ni 16.9. Jicho liwe wima juu ya mistari.

Na subiri chuma kipoe, kikiwa cha moto kimetanuka.

Shafti hiyo usiipige ponchi (vishimo vya kuvimbisha uso wake) ili ibane. Kereza nyingine.