Maswali Yenu: Ferosilikoni ya "75" Ina Silikoni Kiasi Gani?

SWALI: Tumenunua tani 25 za ferosilikoni 75 (aloi ya chuma na silikoni) kwa ajili ya tanuri letu la chuma. Hati ya muuzaji inasema silikoni ni 75.4%, maabara yetu imepata 73.1%. Tumepunjwa?

JIBU: Someni mkataba kwanza, hati baadaye. "75" ni jina la daraja tu. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5445 daraja hilo linabeba silikoni ya asilimia 72 hadi 80. Kama hamkuandika "isiyopungua 75", hamna dai. Lakini kama bei ilipangwa kwa msingi wa 75 na hulipwa kwa uwiano, tani zenu za kulipiwa zihesabiwe 24.37 (25 × 73.1 ÷ 75).

Ila msimwandikie muuzaji kabla ya kuichunguza sampuli yenu. Kuchota konzi moja juu ya mfuko hakutoshi: mapande na chenga hayalingani kikemia, na chenga hushuka chini safarini. Fungueni mifuko kadhaa, chukueni vyote viwili kwa uwiano wake, vunjeni mpaka vipite chekeche ya milimita 10, changanyeni, rundikeni, gaweni robo nne, mtupe mbili zinazotazamana, mrudie hivyo mpaka ibaki kilo moja hivi. Kosa jingine ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Ferosilikoni ni ngumu. Ukiisaga kwenye kinu cha chuma inakwangua kinu chenyewe, chuma kinaingia kwenye unga, na asilimia ya silikoni inashuka. Tumieni kinu cha tangsteni kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma. Unga ugaweni pakiti tatu zenye lakiri: yenu, ya muuzaji, na ya maabara ya tatu itakayoamua.

SWALI: Kontena la ferosilikoni likifunguliwa linanuka kitunguu saumu. Ni kawaida?

JIBU: Si kawaida. Ondokeni hapo upesi! Mzigo umeingiwa na unyevu: fosforasi kidogo iliyomo inatoa fosfini, gesi ya sumu, pamoja na haidrojeni inayolipuka. Ndiyo maana ferosilikoni yenye silikoni kuanzia 30% hadi chini ya 90% husafirishwa kama UN 1408 (namba yake katika orodha ya mizigo hatari), daraja la 4.3, yaani vitu vinavyotoa gesi ya kuwaka vikikutana na maji. Milango iachwe wazi, moto na cheche viwe mbali, na asiingie mtu mpaka kifaa cha kupimia gesi kionyeshe ni salama. Msitegemee pua, kwani fosfini inaweza kudhuru kabla harufu haijasikika. Mkataba ujao utaje mifuko yenye bitana ya plastiki, mzigo mkavu, na kikomo cha chenga, maana chenga ndizo zinazotoa gesi nyingi.