Umepima mapema mno mdogo wangu, na mkeo anakunywa dawa bila sababu

*Anti shikamoo. Nina miaka 34, naishi Mbezi, ndoa yetu iko mwaka wa nne na hatujapata mtoto. Nilienda kupima kimyakimya mbegu zikatoka milioni 7, daktari akaniambia nina varikoseli (mishipa ya korodani iliyolegea) upande wa kushoto nikafanyiwa operesheni. Mke wangu (31) nilimwambia ni ngiri. Wiki ya tano nikarudia kipimo, nilitolea nyumbani nikapeleka na daladala, foleni ya Kimara ikanikalisha kama masaa mawili, kikopo nilikibana na chupa ya maji ya baridi kisiharibike. Majibu milioni 5 na zinazotembea zimepungua. Jamaa yangu wa gym anasema nichome sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Mama kila akija anamletea mke wangu dawa ya kusafisha kizazi, anakunywa. Anti, operesheni imefeli? – Baba Mtarajiwa, Dar*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na zote mbili nimekwama kwenye neno moja, "anakunywa". Nitalirudia, ila ngoja kwanza nikutoe hofu ya hiyo milioni 5 maana naona hulali.

Huwezi kusema operesheni imefeli, wewe umepima mapema mno. Mbegu ya mwanaume inatengenezwa kwa siku kama 74, alafu inasafiri kama wiki mbili hivi kwenye mrija ndo iwe tayari kutoka, sasa piga hesabu mwenyewe, hizo ulizopeleka maabara wiki ya tano zilianza kutengenezwa kabla hata hujapasuliwa, zimelelewa kwenye joto lilelile la zamani. Ni mavuno ya msimu uliopita hayo. Ndo maana kipimo cha kwanza baada ya operesheni hii kinafanywa mwezi wa tatu, na wengine wanaendelea kupanda mpaka mwezi wa sita na kuendelea. Alafu milioni 7 na milioni 5 usizipiganishe sana, mwanaume huyohuyo akipima leo na wiki ijayo namba zinacheza, hata homa kali au malaria uliyougua mwezi uliopita inaweza kuzishusha.

Na hicho kikopo mdogo wangu! Mbegu zinatakiwa zifike kwa mpimaji ndani ya saa moja, zikiwa na joto la mwili, yani unakiweka mfuko wa shati karibu na ngozi, wewe umekikumbatisha chupa ya barafu masaa mawili alafu unashangaa hazitembei. Safari ijayo omba utolee hukohuko maabara, vyumba vya hivyo vipo, usione aibu. Kaa bila tendo siku 2 mpaka 7, na zile ulizokaa kipimo cha kwanza zikae hizohizo. Kujua ulipo, kiwango cha chini wanachotumia sasa Shirika la Afya Duniani ni milioni 16 kwa kila mililita, ila chini ya hapo haimaanishi huzai, watu wanazaa.

Varikoseli yenyewe ni mishipa ya damu inayopandisha damu kutoka kwenye korodani, vizuizi vyake vinalegea, damu inarudi chini inatuama, ukishika unasikia kama minyoo imejikunja. Mara nyingi ni kushoto kwasababu mshipa wa upande huo ni mrefu zaidi na unaingia kwenye mshipa wa figo kwa kona. Damu ikituama joto linapanda, na korodani zimewekwa nje ya mwili makusudi zipoe, kwahiyo mbegu zinaumia. Daktari alichofanya ni kufunga mishipa iliyolegea, mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume haipo kwenye kazi hiyo, asikutishe mtu. Wanaume kama 15 kati ya 100 wanayo na wengi wamezaa bila kujua wanayo, kwahiyo usijione umelaaniwa.

Ila sitakudanganya kwamba mtoto ameshapatikana. Karibu theluthi mbili ya wanaofanyiwa mbegu zao zinapata nafuu, mimba haiji kwa wote. Ndo maana daktari wako anatakiwa awe mmoja na wa mkeo, na mkeo naye apimwe mirija ya uzazi na homoni, muda usiende bure mkisubiria upande mmoja. Ikishindikana kabisa kuna kupandikiza mimba hospitali, ni gharama kubwa lakini ipo. Na ukiona korodani inavimba inazidi kujaa kama busha, au una homa na maumivu, rudi hospitali usingoje mwezi wa tatu.

Sindano za jamaa yako, hapana, nakuomba. Testosteroni ikiingizwa mwilini kutoka nje ubongo unaona imeshatosha, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi, mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri kabisa na kurudi inachukua miezi. Misuli utapata, mtoto utamsogeza mbali. Kama una sigara hiyo ndo uache.

Sasa turudi kwenye lile neno. Mkeo anachemsha sufuria la majani machungu, anaziba pua, anakunywa, na kila mama mkwe akibisha hodi anajua tumbo lake litaangaliwa, kwa tatizo ambalo cheti chake kiko kwenye begi lako. Hamna anayejua ndani ya hiyo dawa kuna nini. Najua uliogopa, mwanaume kuambiwa mbegu zako chache ni kama umevuliwa nguo sokoni, nimewaona wengi na siwacheki. Lakini wewe umeogopa miezi michache, yeye amebeba lawama miaka minne. Hilo limeniuma kuliko kipimo chako.

Mwambie. Usizunguke, toa karatasi zote mbili ziweke mbele yake, mwambie haikuwa ngiri, nilipima nikakutwa na hili, nikaogopa, nisamehe. Anaweza kulia, anaweza kununa wiki nzima, mwache anune ana haki. Kwa mama nenda wewe, usimtume yeye, na mama si lazima ajue kila kitu, mwambie tu "mama tuko kwa daktari wote wawili, dawa basi, na mke wangu asiulizwe tena".

Mwambie leo, kabla hajabandika lile sufuria la usiku. Majibu ya mwezi wa tatu yakitoka niandikie, na yeye akitaka kuniandikia barua yake nitaipokea.