Maswali ya Wasomaji: Je, Nimeshapitwa na Umri wa Kujifunza Kiitaliano?

SWALI: Assalaam alaykum, mhariri. Mimi ni mama wa miaka 47, mkaazi wa Uroa, Zanzibar. Nalima mwani na natengeneza sabuni ya mwani, ambayo huwauzia wageni wanaotoka mahoteli ya Kiwengwa na Pongwe, wengi wao Waitaliano. Vijana wanaowatembeza ndio wanaozungumza nao na kuwatajia bei, nami hubaki kimya mbele ya bidhaa yangu mwenyewe. Binti yangu ananihimiza nijifunze Kiitaliano, lakini naona nimeshapitwa na umri, kichwa hakishiki tena, wakati sina, na majirani watasema najitia uzungu. Je, nijisumbue au niwaachie vijana? – Msomaji, Uroa.

JIBU: Waalaykumu salaam, mama yangu. Jisumbue, tena uanze sasa, kwa sababu anayezungumza na mnunuzi ndiye anayeishika biashara, na sabuni hiyo ni jasho lako.

Kuhusu umri, ni kweli kwamba anayeanza lugha utotoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuitamka kama wenyewe, lakini watu wamelichukua jambo hilo moja wakalifanya hukumu ya kila kitu. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti wao juu ya wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi huko Uholanzi, na ikaonekana kwamba katika miezi ya mwanzo waliosonga mbele kwa kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima, si watoto wadogo. Nawe hutafuti kudhaniwa umezaliwa Roma. Unatafuta kufahamiana na mteja.

Hilo la kichwa kutoshika silikubali kabisa. Kama ulisoma chuoni, yaani madrasa, kama walivyosoma wengi wetu visiwani, basi Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, uliihifadhi kwa lugha isiyokuwa yako, na uliihifadhi kwa sababu kila siku ulisikilizwa somo la jana kabla ya kupewa jipya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, alionesha kwamba tunayojifunza hutupotea kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi ndiko kunakoyazuia yasipotee. Unayoilaumu ni akili, na kilichokosekana ni muraja, yaani kuyarudia uliyojifunza. Zaidi ya hayo, ulimi wako umeshatayarishwa: irabu zote za Kiswahili zimo katika Kiitaliano, maneno mengi yake huishia kwa irabu kama yetu, na zile konsonanti zinazokazwa, ambazo huwatatiza wageni wengi wa lugha hiyo, wewe umezizoea tangu utotoni kwa shadda za Qur'ani.

Wakati ndio udhuru wenye uzito, na sitaki kuupuuza. Foreign Service Institute ya Marekani, inayowafundisha wanadiplomasia, hukadiria wiki 24 hadi 30 za darasani kwa msemaji wa Kiingereza kukimudu Kiitaliano kikazi. Hesabu hiyo isikutishe, maana kazi yako haihitaji lugha ya ubalozi: inahitaji salamu, hesabu, bei, na maelezo ya sabuni imetengenezwa kwa nini na inafaa kwa ngozi gani. Wala usijiwekee ahadi ya saa moja kila siku, kwani bamvua likiingia, maji yakawa yanajaa na kupwa sana, utakuwa shambani na jioni utarudi umechoka. Siku za bamvua rudia tu unayoyajua, hata kwa sauti ya chini huku ukifunga mwani kwenye kamba. Mapya yaweke siku za maji mafu, yasipokupwa sana. Mwombe binti yako akutafutie kijana anayefanya kazi hotelini akurekodie sentensi kumi kwenye simu, nawe uzisikilize mpaka zikutoke bila ya kufikiri.

Linabaki la majirani, na nahisi hili ndilo lililoyazaa yale mengine, kwani ni rahisi kusema “nimezeeka” kuliko kusema “naona haya.” Haya hiyo naiheshimu, lakini nakuuliza: kijana anapokosea Kiitaliano mbele ya wageni, nani anayemcheka? Anasifiwa kwamba anajua kujitafutia. Mama wa makamo anayejitafutia anastahiki sifa hiyo hiyo, na kumnyima ni dhulma. Kama kuanza mbele za watu ni kuzito, anzia ndani na binti yako, yeye awe mnunuzi akuulize “Quanto costa?” (bei gani?) nawe umjibu bei, kisha mbadilishane. Siku ya kwanza ukiwa na mgeni wa kweli huenda akakujibu kwa haraka ukapotea. Sentensi ya kumwomba aseme polepole ni “Più piano, per favore,” nami ningeiweka iwe ya mwanzo katika zile kumi.