Maji yangu yanatoka meupe pe

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi uliopita nilipanda maporomoko ya Sanje, Udzungwa, na kamera ya kuazima kwa kaka yangu. Tulianza kupanda saa nne, tukafika jua likiwa kali. Kila picha maji ni meupe pe kama shuka kwenye kamba, na msitu ni mweusi. Nitarudi Juni, kwa siku moja tu. Nifanyeje?
Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamera ya kaka yako haina kosa, mlichelewa. Sanje inashuka kwenye ukuta wa mashariki wa milima, kwa hiyo jua likishapanda linayapiga maji usoni huku msitu ukibaki kivulini. Mwanga wa aina mbili hivyo hauingii kwenye picha moja. Juni ni chaguo zuri: masika yameisha, njia imeanza kukauka, na maji bado ni mengi.

Lala Mang'ula, karibu na lango la hifadhi, uingie hifadhini asubuhi kabisa, na mwambie muongozaji mapema kwamba umekuja kupiga picha. Mimi mara ya kwanza sikusema. Nilifuata kundi lililotaka kuogelea, nikarudi na picha sita, zote za migongo ya watu.

Mawingu yakitanda, shukuru. Funga kamera kwenye stendi, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, nusu sekunde. Maji yatalainika lakini nyuzi zake utaziona. Wapo wanaovuta hadi sekunde tano. Mimi siwezi kuipenda picha hiyo, kwa sababu inageuza maji kuwa moshi, na Sanje ina nguvu. Ukiiacha kamera ichague mwanga yenyewe, itadanganywa na weusi wa msitu, basi ipunguzie mwanga hatua moja (alama ya -1). Msitu uliofifia utauongezea mwanga nyumbani kwenye kompyuta, lakini maji yaliyoungua kwa mwanga hayarudi.

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja, nunua kichujio cha polaraizi. Kizungushe taratibu huku ukitazama majani na mawe yaliyolowa: mng'ao unaondoka, kijani kinajitokeza. Tena kinapunguza mwanga, ndiyo maana shata ya polepole inawezekana hata palipo angavu kidogo.

Maporomoko yana mita 170 hivi, kwa ngazi tatu, na kila mtu anataka yote kwenye picha moja. Usihangaike nayo. Picha ninayoipenda kuliko zangu zote za Sanje niliipiga katikati ya njia, mto unapojibana kati ya mawe mawili yenye ukoga, upana wa mkono tu. Nilikaa pale karibu saa nzima.

Matawi yakitikisika juu yako, toa kamera kwenye stendi, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, pandisha ISO hadi 1600, shata 1/500 ya sekunde. Huenda ni mbega wekundu, au yule kima wa Sanje ambaye wanasayansi hawakumjua hadi 1979.

Jua likitoka ukiwa chini ya maporomoko, lipe mgongo, utafute upinde wa mvua kwenye manyunyu. Lenzi italowa mara moja, kwa hiyo beba vitambaa vitatu vikavu ndani ya kopo lenye kifuniko. Elekeza kamera chini, futa, inua, piga, kisha chini tena.