Kabla ya Joho, Vaa Kombati

Jumapili nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Kasulu. "Shikamoo kaka wakili. Nimemaliza kidato cha sita, nataka nije kuwa mwanasheria wa jeshi. Nimepangiwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Msange, ila wenzangu wanasema nitapoteza muda, bora nijiandae na chuo. Unanishauri nini?"

Nimeusoma mara tatu. Swali hilo nilijijibu mwenyewe mwaka 2014, na nikajijibu vibaya.

Mimi ni wa Tabora. Mwaka ule nilipangiwa kambi ya JKT ya Bulombora, Kigoma. Mama alinifungia karanga na chupa ya asali. Treni ikafika stesheni, ikapiga honi, ikaenda zake. Mimi nimejilaza nyumbani makusudi. Nilijiona mjanja. Wenzangu wakakimbizwe mchakamchaka alfajiri, mimi nisome! Nikachukua shahada ya sheria, nikapita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, nikaapishwa kuwa wakili.

Na muda wote huo ndoto ilikuwa jeshi. Babu alizoea kutusimulia Januari 1964, askari walivyoasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kesho yake maasi yakafika kambi ya hapa Tabora. Jeshi lile likavunjwa, vinara wakapelekwa mahakama ya kijeshi, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa jeshi letu la sasa, JWTZ. Tangu utoto nilikuwa najiuliza: katika mahakama ile, nani alisimama upande wa askari?

Tangazo la nafasi lilipotoka nilidamka. Afande akapekua faili langu taratibu: cheti cha kuzaliwa, shahada, uwakili. Akauliza, "Cha JKT kiko wapi?" Nikamwambia, sina, afande. Akalifunga, akaita anayefuata. Tangazo jingine lilipokuja, umri ulikuwa umenipita. Hadi leo nikisikia honi ya treni usiku, nakosa usingizi.

Basi nenda, mdogo wangu. Jeshini mwanasheria ni askari kwanza: atapiga kwata, atabeba silaha, ndipo ashike jalada. Huko kuna kuendesha mashtaka na utetezi mbele ya mahakama ya kijeshi, kumshauri kamanda, kupitia mikataba, na migogoro ya mipaka kati ya kambi na vijiji. Anza mapema kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192. Soma na Mikataba minne ya Geneva ya 1949, hasa ule wa nne unaomlinda raia. Wewe uliyekulia jirani na kambi ya Nyarugusu, nani akueleze vita inavyomfanya raia?

Lakini vitabu vitakungoja. Cheti cha JKT kwanza. Narudia: cheti kwanza. Anayekwambia unapoteza muda hatakuwepo siku faili lako linafungwa. Mimi nilikwepa miezi michache ya jua na jembe, nikaikosa kazi niliyoitamani tangu nikiwa mtoto.

Msange ni huku kwetu. Ukishuka stendi ya Tabora nipigie, nitakusindikiza mpaka getini. Asali ninayo.