Maswali ya feni na pangaboi: majibu kwa msimu wa joto

Kaskazi imeingia, na barua karibu zote za wiki hizi zinahusu feni. Yanayofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Fundi, feni yangu haizunguki. Tatizo nini? (wasomaji wengi)

Swali hili naliletewa kila msimu likiwa uchi namna hii hii, na kila msimu naomba mambo matatu: ni ya dari au ya stendi, ukiwasha inavuma au iko kimya, na ukiizungusha kwa mkono ikiwa imezimwa inateleza au nzito? Bila hayo nabahatisha, na wewe utanunua kifaa usichokihitaji.

Ikivuma bila kuzunguka, kisha ukaisogeza kwa kijiti ikaondoka yenyewe, kapasita (kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) imechoka. Hata ile inayozunguka kivivu ukiwa umeweka namba ya mwisho, mara nyingi ni hiyo hiyo. Pangaboi nyingi hutumia ya mikrofaradi 2.5, feni za stendi huwa kati ya 1 na 2. Namba imeandikwa kwenye kapasita yenyewe, nunua inayolingana nayo. Wapo wanaoweka kubwa zaidi ili feni "ipate nguvu". Wanachopata ni koili kuchemka mpaka kuungua, na hapo kapasita ya bei ndogo imekugharimu feni nzima.

Ikiwa shafti ni nzito, tatizo ni vumbi na bushi zilizokauka. Fungua, safisha, weka matone machache ya mafuta ya cherehani. Usiweke mafuta ya kupikia, yanaganda na kunasa vumbi zaidi.

Ikiwa kimya kabisa na umeme unafika, feni nyingi za stendi zina fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani ya koili. Inakatika mota inapochemka kupita kiasi, na ikikatika hairudi. Fundi akikuambia ameiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja, mwambie airudishe feni ilivyokuwa na umtafute mwingine. Fyuzi hiyo ndiyo kinga ya godoro na pazia lako usiku.

Nataka chumba kiwe kimepoa nikirudi kazini. Niwashe feni kuanzia saa ngapi? (Tandika)

Usiiwashe kabisa. Feni haipozi chumba, inampoza mtu. Upepo wake unakausha jasho kwenye ngozi, na jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Pasipo na mtu hakuna kinachopoa, na mota nayo inaongeza joto lake kidogo.

Piga hesabu. Pangaboi ya kawaida inakula wati kama 75. Ikizunguka kwa muda wa saa kumi kwa siku ni robo tatu ya uniti, mwezi mzima ni uniti 22 na nusu. Kwa mteja wa D1, daraja la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu theluthi ya uniti zake imekwenda kupepea kitanda kitupu. Halafu mwezi ukifika katikati mita ya LUKU inalaumiwa kwamba inaiba. Nimeingia nyumba nyingi kukagua mita "zinazokimbia" nikakuta pangaboi mbili zinazunguka vyumba visivyo na mtu, na mwenye nyumba ananishangaa mimi ninapozizima.

Unachotakiwa kufanya ni kufungua madirisha jua likizama. Nje kukiwa kumepoa kuliko ndani, weka feni ya stendi karibu na dirisha la upande mmoja ielekee nje, ufungue dirisha la upande wa pili. Itasukuma joto nje na hewa ya usiku itaingia yenyewe. Na kama nyumba ni bati tupu bila silingi, pangaboi mchana inakuletea joto la bati kichwani. Hapo feni ya stendi ni bora, na pesa ya feni ya pili iende kwenye silingi bodi.

Pangaboi yangu inacheza na kutoa mlio. Fundi aliifunga kwenye jipsam, anasema ni kawaida. (Kimara)

Dada, izime sasa, na asilale mtu chini yake.

Jipsam haibebi pangaboi. Ni ubao wa urembo. Pangaboi ina uzito wa kilo kadhaa, na ikizunguka uzito huo unavuta huku na huku usiku kucha, skrubu zinatanua matundu yake kidogo kidogo. Ndoano lazima ishike zege au mbao ya kenchi iliyo juu ya jipsam, kwa bolti yenye nati na pini ya kuzuia nati isijifungue. Juu ya hapo pitisha waya wa chuma wa usalama, ili hata bolti ikikatika feni ining'inie badala ya kuanguka. Mapanga yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Kwenye nyumba yenye kitanda cha ghorofa, pima kutoka godoro la juu, maana mtoto atakaa na kunyoosha mikono.

Ndoano ikishakuwa imara ndipo uhangaike na kucheza kwenyewe. Zima, simamisha rula kutoka kwenye dari, pima ncha ya kila panga ukiizungushia pale pale penye rula. Panga lililoshuka kuliko wenzake limepinda au skrubu zake zimelegea. Na kama fundi alichanganya mapanga ya feni mbili, hutaipata iwe tulivu, kwa sababu kila seti inalinganishwa uzito kiwandani.

Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, mnajua mnachofanya mnapofunga kitu cha kilo nne kwenye jipsam ili mmalize kazi kabla ya saa sita mchana. Acheni.

Bora pangaboi ya mapanga matatu au manne? (Tanga)

Matatu yanatosha. Panga la nne halikuongezei upepo.

Ni kweli kulala na feni kunaleta nimonia kwa mtoto? (Morogoro)

Nimonia inaletwa na vijidudu, siyo upepo. Upepo wa moja kwa moja usiku kucha unakausha koo, pua na macho, na mapanga machafu yanamwaga vumbi ambalo mwenye pumu hatalivumilia. Yafute kwa kitambaa kibichi kila baada ya wiki mbili, ukiwa umezima umeme. Feni ya stendi iiache igeuke huku na huku isimkazie mtoto usoni. Na mtoto akihema haraka au kifua kikibonyea ndani, mpeleke hospitali usiku huo huo. Usipoteze muda kubishana kuhusu feni.

Niko Muscat. AC imeharibika mwezi wa sita, naweza kuvumilia kwa feni tu?

Siyo joto likifika nyuzi 40. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba kuanzia hapo feni inaweza kuuongezea mwili joto badala ya kuupunguza, kwa kuwa hewa inayopulizwa ina joto kuliko ngozi yako. Jimwagie maji, vaa nguo iliyoloa, kunywa maji mara kwa mara, na saa za mchana kaa mahali penye AC. Kama nyumbani kuna mzee au mgonjwa wa moyo, msisubiri fundi, mhamishieni kwa ndugu leo.

Tumetoa chandarua kwa sababu ya joto, feni inafukuza mbu. Tuko sawa? (Bagamoyo)

Hapana. Ni kweli mbu ni mrukaji dhaifu na upepo unamsumbua, lakini anayeeneza malaria anauma zaidi usiku wa manane, na umeme ukikatika saa tisa nyinyi mmelala. Kwenye kona ambayo upepo haufiki, mtoto wa pembeni anaumwa feni ikiwa inazunguka. Chandarua kirudi. Kwa kuwa kitambaa chake kinapunguza upepo, sogezeni feni ya stendi karibu, iwe usawa wa kitanda, ipulize kutoka ubavuni. Hakikisheni tu pindo la chandarua limechomekwa chini ya godoro lisivutwe kwenye mapanga.

Wakati wa mvua napikia ndani kwa mkaa. Nikiwasha feni moshi si unatoka? (Tabata)

Mama, usipikie ndani. Feni inazungusha hewa ile ile. Moshi unaouona siyo mbaya kuliko wote. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko liwe kibarazani au chini ya banda lililo wazi, na lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki makaa tu.

Betri ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, itazungusha feni ndogo ya wati 15 usiku kucha? (Kigoma)

Haitafika. Volti 12 mara 7 ni wati-saa 84, na betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una 42 za kutumia, zinazotosha muda wa kama saa tatu kasorobo. Kwa muda wa saa nane unahitaji wati-saa 120, na kwa kuwa unatumia nusu tu, hiyo ni betri ya Ah 20 au zaidi. Na usipitishe kwenye inveta ya bei rahisi ili utumie feni ya umeme wa kawaida. Mawimbi yake mabovu yanaifanya mota ivume na kuchemka. Nunua feni ya volti 12 yenyewe.

Naweza kutumia swichi ya kupunguza mwanga wa taa kupunguza kasi ya pangaboi?

Hapana, utaunguza mota. Tumia regulata ya feni.

Nimezima gari lakini feni ya rejeta bado inazunguka. Nimpeleke fundi?

Ikisimama yenyewe baada ya dakika chache, gari nyingi ndivyo zilivyotengenezwa, inashusha joto la injini. Ikiendelea hadi kumaliza betri, kagua relei na sensa ya joto. Usiingize mkono hapo hata gari likiwa limezimwa, feni hiyo inaweza kuanza ghafla.